Kichwa Kinachouma Kuanzia Shingoni

Maumivu ya kichwa yatokanayo na mkazo hubana pande zote mbili, kama kilemba kilichokazwa mno. Hayadundi, kwa kawaida hayatapishi, na ukipanda ngazi hayazidi. Yanaweza kudumu nusu saa au hata siku saba. Kwa watu wa ofisini mara nyingi huambatana na shingo na mabega yaliyokaza.

Neva za sehemu ya juu ya shingo na zile za uso hupeleka taarifa kwenye kituo kimoja chini ya ubongo. Ndiyo maana misuli midogo ya kisogoni ikichoka, mtu huweza kusikia maumivu kwenye paji la uso au nyuma ya macho, akakimbilia miwani.

Wengi wenye maumivu haya huwa wameshaambiwa wakae wima. Ushauri huo, kwa maoni yangu, umepewa sifa isiyo yake. Ni kweli kompyuta mpakato hukuinamisha, na kuiinua juu ya vitabu husaidia, mradi uwe na kibodi ya pembeni. Lakini anayekaa wima saa tatu bila kujitikisa naye huchoka shingo. Badili mkao, simama, pokea simu ukitembea.

Kinachosaidia zaidi ni kuijengea misuli nguvu. Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio la wafanyakazi wa ofisini 198 wenye maumivu ya shingo na mabega. Waliofanya mazoezi ya mpira wa kuvuta kwa dakika 2 tu kila siku ya kazi, kwa wiki 10, walipata nafuu iliyokaribiana na ya waliofanya dakika 12. Zoezi lenyewe ni jepesi: kanyaga mpira katikati, shika ncha zake, inua mikono pembeni hadi usawa wa mabega, ishushe taratibu. Tyubu kuukuu ya baiskeli inatosha. Kukandwa kunaburudisha, ila nafuu yake haikai.

Angalia na vidonge. Ukimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, au zenye kafeini siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuanza kukuumiza kichwa.

Kichwa kikiuma pamoja na homa, kapime malaria kwanza. Homa yenye shingo kukakamaa, maumivu makali ya ghafla, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, nenda hospitali saa hiyohiyo.