Maiti Wetu Tumuoshe Wenyewe

Mtu akikata roho nyumbani, mambo ya mwanzo hayangoji. Misuli ya maiti kwa kawaida huanza kukakamaa ndani ya saa chache tu, ikianzia usoni, tayani na shingoni, kisha ikashuka mikononi na miguuni, na joto la pwani huharakisha. Ndiyo maana wazee wetu humfumba macho papo hapo, humfunga taya kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu na kufungwa utosini, wakamnyoosha viungo na kumfunika shuka. Mkono uliosahauliwa umekunjwa kifuani utawasumbua sana wakati wa kukafini.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni kwamba amefariki kweli. Kama mna shaka, mwiteni mhudumu wa afya. Na kama ni ajali, au kifo cha ghafla kisichoeleweka, msimguse mpaka polisi waje.

Nayaandika haya kwa sababu kazi hii inatutoka mikononi. Mijini, watoto wa marehemu hukaa barazani, na ndani wameingia waoshaji ambao hata hawakumjua. Waoshaji hao nawaheshimu, na tunawahitaji. Lakini katika fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, jamaa ndio wenye haki ya kwanza: mwanamume kwa wanaume wa kwao, mwanamke kwa wanawake wa kwao, na mume na mke wana ruhusa ya kuoshana. Asma binti Umays ndiye aliyemuosha mumewe Abubakar, khalifa wa kwanza. Basi mwiteni mjuzi awaelekeze, mikono iwe yenu.

Watu wanne wanatosha: wawili wa kumgeuza, mmoja wa kumimina maji, mmoja wa kuosha. Wengine watoke. Kitanda kiinuliwe kidogo upande wa kichwa ili maji yateremke miguuni. Kuanzia kitovuni hadi magotini hafunuliwi. Maji humiminwa juu ya kanga iliyomfunika, na mkono wenye glavu hupita chini yake. Muinueni mgongo kidogo, tumbo likandwe taratibu, kilichomo kitoke kabla ya sanda. Mtawadhisheni, kisha osheni kichwa, ubavu wa kulia, halafu wa kushoto. Huoshwa kwa witiri, mara tatu, tano, au saba ikihitajika, kama Mtume alivyowaelekeza Ummu Atiyya na wenzake walipomuosha binti yake Zainab. Maji ya mwanzo hutiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, yanayotoa povu na kusafisha kama sabuni. Ya mwisho hutiwa karafuu maiti. Nywele za mwanamke husukwa misuko mitatu, ikalazwa nyuma.

Kumgeuza ndiko kunakowashtua wageni wa kazi hii. Mmoja ashike bega, mwingine nyonga, wamvute kwa pamoja kuelekea kwao. Huenda ikasikika sauti kama mguno. Ni hewa iliyobaki kifuani inayopita kooni. Mwambieni mapema kijana anayeingia mara ya kwanza, maana nimeona mtoto wa marehemu akikimbia chumbani akiamini mama yake yu hai, na uchungu ule ulikuwa mara mbili. Mtakachokiona mwilini, kidonda au kasoro, kibaki humo humo chumbani.

Sanda ni bafta nyeupe: vipande 3 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke.

Palipo na mlipuko wa maradhi, haki ya jamaa ya kuosha husitishwa. Marburg ilipoua watu Kagera mwaka 2023, hatari ilikuwa pia kwenye maiti, kwa kuwa majimaji ya mwili wake huendelea kubeba virusi. Hali kadhalika Ebola, na kipindupindu nacho kina masharti yake. Hapo wapisheni wataalamu wa afya. Sheria ya dini haikufunga mlango: pasipowezekana kuosha, maiti hutayamamishwa, na hata hilo likileta madhara huachwa, akaswaliwa na kuzikwa.

Kuna na karatasi. Kenya, kifo cha nyumbani huripotiwa kwa naibu chifu, ambaye hutoa kibali cha mazishi. Tanzania Bara, anzeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na kifo kisajiliwe kwa wakala wa usajili, RITA, ndani ya siku 30. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja asiyeingia kuosha, aondoke nayo wakati maji yanachotwa.