Algeria 7–0 Tanzania (2015)

Algeria dhidi ya Tanzania, 17 Novemba 2015, ilikuwa mechi ya marudiano ya raundi ya pili ya kufuzu Kombe la Dunia la FIFA 2018 kwa upande wa Afrika. Ilichezwa katika Uwanja wa Mustapha Tchaker mjini Blida, kaskazini mwa Algeria, na wenyeji walishinda kwa mabao 7–0. Mechi ya kwanza, iliyochezwa siku tatu kabla jijini Dar es Salaam, iliisha kwa sare ya 2–2, hivyo Algeria ilisonga mbele kwa jumla ya mabao 9–2 na safari ya Tanzania kuelekea Urusi ikaishia hapo.

Nchini Tanzania mechi hiyo hukumbukwa kwa idadi ya mabao tu, "zile saba". Lakini namba hiyo ikisomwa peke yake inapotosha. Timu hizi mbili zimekutana mara nyingi kabla na baada ya hapo, na mara kadhaa hazikuachana hata kwa bao moja.

Usuli

Mashindano ya kufuzu ya 2018 barani Afrika yalianza kwa raundi mbili za mtoano. Timu zenye nafasi za chini katika orodha ya FIFA zilianzia raundi ya kwanza, na zile za juu, Algeria ikiwemo, ziliingia moja kwa moja raundi ya pili. Raundi hiyo ilikuwa na timu 40 zilizopangwa jozi jozi; washindi 20 walikwenda kwenye makundi matano ya timu nne nne. Kwa nchi kama Tanzania, ambayo haijawahi kucheza Kombe la Dunia, kufika kwenye makundi tu kungekuwa na maana kubwa: mechi sita za ushindani dhidi ya mataifa makubwa ya bara.

Tanzania ilianza na Malawi. Taifa Stars ilishinda 2–0 jijini Dar es Salaam tarehe 7 Oktoba 2015, kwa mabao ya Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, kisha ikafungwa 1–0 mjini Blantyre siku nne baadaye. Jumla ya 2–1 ilitosha.

Kocha alikuwa Charles Boniface Mkwasa, aliyekabidhiwa timu katikati ya mwaka huo baada ya Mholanzi Mart Nooij kuondolewa. Nooij aliondoka wakati timu imetoka kufungwa 3–0 na Misri na 3–0 na Uganda ndani ya mwezi mmoja. Chini ya Mkwasa ulinzi ulitulia. Septemba 2015 Nigeria ilikuja Dar es Salaam katika kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika na kuondoka na sare ya 0–0. Mtu aliyeifuatilia timu miezi ile hakuwa na sababu ya kutarajia mabao saba.

Kulikuwa na sababu nyingine ya matumaini. Tarehe 8 Novemba 2015 Samatta na Ulimwengu walikuwa wametwaa Ligi ya Mabingwa Afrika wakiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, na timu waliyoifunga katika fainali ilikuwa USM Alger, klabu ya Algeria. Mazembe ilishinda 2–1 ugenini Algiers na 2–0 nyumbani. Samatta alimaliza mashindano na mabao saba. Siku sita baadaye wachezaji hao wawili walikuwa Dar es Salaam wakiwa na jezi ya taifa, wakiisubiri Algeria yenyewe.

Algeria, inayoitwa pia Mbweha wa Jangwani, ilikuwa mojawapo ya timu za juu kabisa Afrika. Katika Kombe la Dunia la 2014 ilifika hatua ya 16 bora na kuisumbua Ujerumani hadi muda wa nyongeza kabla ya kufungwa 2–1. Kocha wake alikuwa Mfaransa Christian Gourcuff. Kikosi kilikuwa na Riyad Mahrez wa Leicester City, Yacine Brahimi wa Porto, Islam Slimani wa Sporting ya Lisbon na Faouzi Ghoulam wa Napoli. Wengi wa wachezaji wa Tanzania walitoka Yanga, Azam na Simba.

Mechi ya Dar es Salaam

Mechi ya kwanza ilichezwa Jumamosi tarehe 14 Novemba katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Elius Maguli aliifungia Tanzania kuelekea mapumziko. Dakika ya 54 Samatta akaongeza la pili. Kwa muda wa dakika 17 Tanzania ilikuwa mbele kwa 2–0 dhidi ya timu iliyofika hatua ya 16 bora ya dunia mwaka mmoja tu uliopita.

Kisha Slimani akafunga dakika ya 71, na tena dakika ya 75. Mechi ikaisha 2–2.

Hapa inafaa kueleza kanuni ya mabao ya ugenini, kwa sababu ndiyo iliyoamua namna ambavyo mechi ya Blida ingechezwa. Chini ya kanuni hiyo, timu zikilingana kwa jumla ya mabao baada ya mechi mbili, ile iliyofunga mengi zaidi ugenini ndiyo inayopita. Mabao mawili ya Slimani hayakusawazisha tu. Yaliipa Algeria mtaji: sare ya 0–0 au 1–1 nyumbani ingewatosha. Sare ya 2–2 ingepeleka mchezo kwenye muda wa nyongeza. Tanzania ilihitaji kushinda, au kupata sare ya 3–3 na kuendelea. Laiti mechi ya kwanza ingeisha 2–0, ni Algeria ambayo ingelazimika kufunguka. Sasa mzigo huo uliangukia wageni.

Mechi ya Blida

Uwanja wa Mustapha Tchaker uko kusini-magharibi mwa Algiers, na kwa miaka mingi Algeria iliuchagua kwa mechi zake ngumu kwa sababu ilikuwa haifungiki hapo. 

Brahimi alifunga katika dakika ya kwanza. Hilo ni bao lililoumiza, ingawa kihesabu halikumaliza kitu. Kabla yake Tanzania ilihitaji bao moja ili ipite. Baada yake ilihitaji mawili, na zilibaki dakika 89. Dakika ya 23 Ghoulam, beki wa kushoto, akafunga la pili. Hata hapo mabao mawili ya Tanzania yangeleta muda wa nyongeza.

Mabadiliko makubwa yalikuja dakika ya 41. Kiungo Mudathir Yahya alionyeshwa kadi ya pili ya njano na kutolewa nje. Tanzania ilibaki na wachezaji kumi, ugenini, ikiwa nyuma kwa mabao mawili, na bado inalazimika kushambulia. Dakika mbili baadaye Mahrez akafunga la tatu. Ndani ya muda mfupi kabla ya mapumziko mechi iliyokuwa ngumu ikageuka kuwa mechi iliyokwisha.

Kipindi cha pili kinaweza kusimuliwa haraka. Slimani alifunga kwa mkwaju wa penalti dakika ya 49. Ghoulam naye akafunga penalti dakika ya 59. Carl Medjani akaongeza la sita dakika ya 72, na Slimani akafunga la saba dakika ya 75, dakika ileile aliyosawazisha Dar es Salaam. Kati ya mabao tisa ya Algeria katika mechi mbili, manne yalikuwa yake.

Maana ya tofauti ya mabao

Tofauti ya ubora kati ya timu hizi mbili ilikuwepo, na haikuanza Blida. Lakini ilikuwepo vilevile tarehe 14 Novemba, wachezaji wengi wakiwa walewale, na siku hiyo matokeo yalikuwa 2–2. Kilichobadilika ndani ya siku tatu ni mazingira: bao la mapema, pungufu ya mchezaji mmoja kwa karibu dakika 50, na hesabu iliyowazuia wageni kurudi nyuma na kulinda heshima. Timu yenye watu kumi inayotafuta mabao matatu huacha nafasi kubwa nyuma ya mabeki wake, na Mahrez na Brahimi walikuwa wachezaji wa kutumia nafasi za namna hiyo. Kama Mkwasa angewaambia vijana wake wajifungie nyuma baada ya kadi nyekundu, huenda mechi ingeisha 3–0 au 4–0, na Tanzania ingetolewa vilevile.

Jambo hilo husahaulika katika mazungumzo ya vijiweni. Katika mtoano, kufungwa 1–0 na kufungwa 7–0 kunaleta matokeo yaleyale. Hata katika orodha ya FIFA ya wakati huo idadi ya mabao haikuhesabiwa: pointi zilitokana na kushinda, kutoka sare au kufungwa, uzito wa mashindano na nguvu ya mpinzani. Mabao manne ya kipindi cha pili hayakubadilisha chochote kwenye karatasi. Yaliyobaki ni aibu, na hiyo haina safu katika jedwali lolote.

Kwa kulinganisha, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia iliyoegemea upande mmoja kuliko zote ni ile ya tarehe 11 Aprili 2001 mjini Coffs Harbour, ambapo Australia iliifunga Samoa ya Marekani 31–0 na Archie Thompson akafunga mabao 13 peke yake. Algeria nayo iliwahi kushinda kwa tofauti kubwa zaidi ya ile ya Blida, ilipoifunga Yemen Kusini 15–1 mwaka 1973. Hizo zilikuwa mechi za timu zisizokaribiana kabisa. Algeria na Tanzania haziko hivyo.

Mikutano mingine

Tarehe 3 Septemba 2010, katika uwanja uleule wa Blida, Tanzania ilitoka sare ya 1–1 na Algeria iliyokuwa imetoka kucheza Kombe la Dunia Afrika Kusini miezi michache tu kabla. Abdi Kassim aliwatanguliza wageni na Adlène Guedioura akasawazisha kabla ya mapumziko. Sare hiyo iliwakera Waalgeria kiasi kwamba kocha Rabah Saâdane alijiuzulu. Mwaka mmoja baadaye jijini Dar es Salaam matokeo yalikuwa 1–1 tena, bao la Tanzania likifungwa na Samatta, aliyekuwa bado kijana wa miaka 18.

Baada ya 2015 Algeria ilishinda 4–1 katika mechi ya kirafiki Machi 2018 jijini Algiers, na 3–0 katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri tarehe 1 Julai 2019. Katika mechi hiyo ya Misri Slimani alifunga tena. Algeria ilitwaa kombe hilo.

Baada ya mechi

Ushindi wa 7–0 haukuifikisha Algeria Urusi. Ilipangwa kundi moja na Nigeria, Kamerun na Zambia, ikamaliza ya mwisho. Nigeria ndiyo iliyofuzu. Gourcuff aliondoka mwaka 2016.

Upande wa Tanzania, mambo ya Samatta hayakuzuiwa na Blida. Januari 2016 alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza kuipata, na mwezi huohuo akahamia KRC Genk ya Ubelgiji. Mwanzoni mwa mwaka huo Mkwasa alimkabidhi unahodha wa timu ya taifa, uliokuwa wa Nadir Haroub maarufu kama Cannavaro. Haroub aliamua kustaafu kuichezea Taifa Stars.

Tarehe 7 Septemba 2023 timu hizi zilikutana tena nchini Algeria, safari hii mjini Annaba, katika mechi ya mwisho ya kundi la kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Tanzania ilihitaji pointi moja na kocha wake wakati huo, Adel Amrouche, alikuwa mzaliwa wa Algeria. Mechi iliisha 0–0. Tanzania ilimaliza ya pili kwa pointi 8, moja zaidi ya Uganda, na kufuzu mashindano hayo kwa mara ya tatu katika historia yake, baada ya 1980 na 2019. Samatta alikuwa nahodha.