Tripanosoma: Umbo Moja, Tabia Mbalimbali

Malale humpata mwanadamu. Nagana huwadhoofisha ng'ombe. Maradhi yote mawili huenezwa na mbung'o, na husababishwa na tripanosoma, yaani vimelea vyenye seli moja tu. Je, mtaalamu huzitambuaje aina zake?

Hatua ya kwanza ni kuchunguza umbo. Chini ya hadubini, Trypanosoma brucei huonekana kuwa na mwili mrefu uliochongoka, kiini, utando unaopepea ubavuni, na mkia mfano wa mjeledi. Kwa alama hizo hutofautishwa na Trypanosoma congolense, iliyo fupi na isiyo na mkia ulio huru.

Hata hivyo, umbo lina mpaka wake. T. brucei imegawanyika katika namna tatu: brucei, inayodhuru mifugo bali haimwambukizi mtu, rhodesiense, ya malale makali ya Afrika Mashariki na Kusini, na gambiense, ya malale ya polepole ya Afrika Magharibi na ya Kati. Kwa hadubini zote tatu hufanana.

Zamani, kutofautisha brucei na rhodesiense kulihitaji mwili wa mtu. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 1934 huko Tinde, Shinyanga, watu waliojitolea waliumwa na mbung'o wenye vimelea. Mwaka 1970 ilitangazwa njia isiyo na hatari hiyo: vimelea huchanganywa na damu ya binadamu, kisha hudungwa panya. Panya akiambukizwa, ni dalili kwamba vimelea viliistahimili damu hiyo.

Siri ya ustahimilivu huo imo katika urithi. Damu ya mtu ina protini inayoua brucei. Mwaka 1998 wataalamu nchini Ubelgiji walionyesha kwamba rhodesiense hukingwa na jeni iitwayo SRA, ambayo hutengeneza protini ya kuizuia ile ya damu. Brucei haina jeni hiyo. Gambiense pia haina, nayo hujikinga kwa njia nyingine.

Malale yalipozuka Soroti, Uganda, mwaka huohuo wa 1998, hadubini peke yake isingeweza kueleza kama vimelea vya ng'ombe vilikuwa hatari kwa watu. Kipimo cha SRA, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, kilithibitisha kwamba baadhi ya ng'ombe walibeba rhodesiense. Basi kumtibu ng'ombe ni kumlinda mchungaji wake pia.

Ushahidi wa umbo haujatupwa. Hadubini hutangulia kuonyesha kwamba vimelea vimo. Jeni hufuata kueleza ni vya namna gani.