Trekta dogo na robota la kilo 400



Juma lililopita nilikuwa Nyandarua kwa shemeji yangu, mwalimu mstaafu, ambaye pale kijijini hakuna anayemwita kwa jina lingine ila Mwalimu. Mwaka jana alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua trekta dogo la mtumba lenye nguvu za farasi 25, na kwa mbele likafungwa mikono ya kupakia mizigo. Haja yake ilikuwa moja: kuinua marobota ya nyasi kavu kutoka shambani hadi ghalani. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alimhakikishia kwamba mikono ile inainua kilo 450. Naye Mwalimu alikwisha kupiga hesabu yake. Robota lake lina kilo 400 hivi, na 400 ni pungufu ya 450. Hesabu ya darasa la pili.

Siku ya kwanza kijana wa trekta alilidunga robota kwa mkuki, akavuta kishikio. Robota liliinuka shubiri mbili. Halafu trekta likayumba juu ya kijilima kidogo cha fuko, na kilichoinuka sasa si robota tena bali magurudumu ya nyuma, pamoja na kijana mwenyewe juu ya kiti. Aliliteremsha robota kwa mikono inayotetemeka, akazima injini. "Mwalimu," akasema, "hili tuliache. Likiinuka tena mimi naruka." Tangu siku hiyo trekta limekuwa likivuta kigari cha maji.

Mwalimu anaamini alidanganywa. Mimi, baada ya kulizunguka trekta lile na futi ya fundi cherehani, nasema hakudanganywa. Aliambiwa jambo la kweli ambalo halikuwa jibu la swali lake. Na kwa kuwa najua wengi wenu mnaonisikiliza mjini mna ng'ombe mashambani mnaowalisha kwa simu, na kila mara mnaulizwa na watu wa nyumbani mtanunua lini trekta, nimeona leo tuliangalie jambo hili.

Kwanza tuliondoe suala la nguvu za farasi, maana ndilo linalotangulia katika kila tangazo. Kuliinua robota la kilo 400 mita mbili na nusu kwa muda wa sekunde tano, mzigo wenyewe hauhitaji hata nguvu za farasi tatu. Injini ya farasi 25 inazo za kutosha na kubaki. Nguvu za farasi ni za kulima, kukata nyasi na kuendesha mashine ya kufungia marobota. Kuinua ni kazi ya haidroliki na ya uzito wa trekta lenyewe, na mara nyingi kinachokwisha mapema ni huo uzito.

Wazee wetu walimfahamu Ferguson wa kijivu, trekta dogo lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1946. Harry Ferguson, mtu wa Ireland, ndiye aliyetuletea ile mikono mitatu ya nyuma inayofungwa plau, na werevu wake ulikuwa huu: plau likivutwa ardhini, uzito unasukumwa juu ya magurudumu ya nyuma, trekta jepesi likashika ardhi kama zito. Mikono ya mbele hufanya kinyume chake. Kila kilo unayoiinua mbele inayapunguzia mzigo magurudumu ya nyuma. Ni ile pembea ya watoto, ubao juu ya gogo. Gogo lenyewe ni ekseli ya mbele.

Tuchukue vipimo vya trekta la Mwalimu. Pamoja na mikono yake na dereva lina uzito wa kilo 950 hivi, na kati ya hizo 430 ziko juu ya magurudumu ya nyuma, ambayo yako mita 1.6 kutoka ekseli ya mbele. Zidisha: 430 mara 1.6 ni 688. Hiyo ndiyo nguvu inayolikalisha trekta chini. Sasa upande wa pili wa pembea. Kitovu cha robota kiko mita 1.7 mbele ya ekseli, nalo lina kilo 400. Zidisha: 680. Toa 680 katika 688, gawa kwa 1.6. Juu ya magurudumu ya nyuma zimebaki kilo tano. Kuku wawili wa kienyeji!

Na hapa kuna jambo ambalo hata madereva wengi hawalifikirii. Katika matrekta mengi madogo breki ziko kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Gurudumu lililobeba kuku wawili halina la kusimamisha. Ukiwa kwenye mteremko, robota mbele, unakanyaga breki na trekta linaendelea na safari yake. Kama trekta linaendeshwa kwa magurudumu yote manne, liunganishe kabla ya kuinua, ili na yale ya mbele yasaidie kulizuia.

Sasa zile kilo 450 za muuzaji zilitoka wapi? Zilipimwa kwenye pini, pale ndoo inapofungwa kwenye ncha za mikono. Robota halikai kwenye pini. Lenye upana wa mita 1.2 likidungwa katikati, kitovu chake kiko sentimita 60 mbele ya fremu ya mkuki, na fremu nayo ina unene na uzito wake. Ndiyo maana watengenezaji wengi huandika pia uwezo wa kuinua sentimita 50 mbele ya pini, nayo huwa ni tarakimu ndogo. Hiyo ndogo ndiyo ya kuuliza. Uliza vilevile kama ni ya kufikisha mzigo juu kabisa au mita moja na nusu tu. Na mtu akikutajia nguvu ya kung'oa, yaani ile ya ndoo kuvunja udongo, mwambie asante, hukuja kung'oa visiki.

Lakini tarakimu zote hizo hazina maana ikiwa hujui uzito wa robota lako. Robota tulilozoea hapa kwetu ni lile la mstatili la kilo 12 hadi 15, ambalo mtoto wa shule hulibeba begani. Lile la mviringo ni kiumbe kingine. Lenye kipenyo cha mita 1.2 na upana kama huo, nyasi zikiwa kavu, huwa na kilo 250 hivi. Ongeza kipenyo hadi mita 1.5, upana ule ule, nalo linaruka hadi karibu 400. Kwa jicho robota limekua kidogo tu. Kwa mizani limeongezeka zaidi ya nusu, kwa kuwa kipenyo hujizidisha chenyewe. Zikiwa ni nyasi mbichi za kusindika, robota la ukubwa ule ule linaweza kukaribia kuwa na uzito maradufu. Hivyo usikisie. Pakia marobota kumi kwenye lori, lipitishe kwenye mizani likiwa na mzigo na likiwa tupu, ugawanye kwa kumi.

Wanaodhani kwamba nyasi ni kitu laini wasikie yaliyotokea Uingereza. Septemba 3, 2010, Mike Edwards, aliyekuwa mpiga selo wa bendi ya Electric Light Orchestra tangu ilipokuwa changa, alikuwa akiendesha gari lake katika barabara ya A381 huko Devon. Robota la kilo 600 liliporomoka kutoka shamba la mlimani, likaangukia gari lake, naye akafa. Hakuwa mkulima. Alikuwa akipita tu.

Hatari iliyo karibu zaidi na dereva ni robota kurudi nyuma. Watu hulibeba kwenye ndoo ya kawaida kwa kuwa mkuki ni gharama nyingine. Ndoo ikipanda juu na kuinama kidogo kuelekea kiti, robota la mviringo hubingirika juu ya mikono ile kama gogo juu ya reli mbili, na mwisho wa reli ameketi mtu. Trekta dogo halina kibanda wala paa. Kwa hiyo bei ya mkuki au ya makucha ya kushikia ihesabiwe pamoja na bei ya trekta, si baadaye fedha zikipatikana.

Hali kadhalika fremu ya chuma ya kinga nyuma ya kiti. Sweden iliilazimisha kwa matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Matrekta mengi madogo ya mtumba tunayoletewa kutoka Japani hayana fremu hiyo. Ni mashine nzuri, sizikashifu, lakini ziliundwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga, mahali ambapo wepesi ni sifa kwa sababu kizito huzama. Sisi tunazipandisha milimani na kuzitundikia marobota. Fremu iwe ile iliyoundwa na kujaribiwa kwa ajili ya trekta hilo, si bomba la maji lililochomelewa jua kali, na dereva afunge mkanda, kwa maana bila mkanda fremu humkinga asiyekuwepo kitini.

Je, trekta la Mwalimu lingeweza kusaidiwa? Lingeweza. Pipa la lita 200 likijazwa zege kupita nusu kidogo huwa na kilo 300. Likitundikwa kwenye mikono ya nyuma, mita 2.5 kutoka ekseli ya mbele, kilo tano zile zinakuwa zaidi ya 470, na ekseli ya mbele inapunguziwa karibu 170. Watu wengi hutia maji ndani ya tairi za nyuma badala yake. Maji husaidia trekta kukaa chini, ila yanakaa juu ya ekseli ya nyuma yenyewe, hivyo ya mbele haipati nafuu yoyote. Hata kwa pipa, ekseli ya mbele ya trekta lile ingebeba karibu kilo 1,200, na beringi zake hazikuumbwa kwa maisha hayo. Isitoshe, pipa haliongezi nguvu ya haidroliki hata kidogo.

Kwa anayetaka kuinua kilo 400 kila siku na kuzipanga moja juu ya nyingine, ushauri wangu ni atafute trekta la farasi 35 hadi 45, lenye uzito wa tani moja na nusu au zaidi pamoja na mikono yake, na lenye uwezo wa kuinua, pale robota linapokaa, unaozidi robota kwa robo nzima. Akipita kilo 500 aachane kabisa na matrekta madogo. Asiyetaka kupanga bali kusogeza tu, mkuki wa nyuma unatosha, na bei yake haifanani na ile ya mikono ya mbele; ila akumbuke kwamba sasa ni usukani utakaokuwa mwepesi, hasa akipanda mlima.

Lakini kuna njia ambayo hakuna muuzaji atakayekuonyesha. Mwalimu ana ng'ombe sita. Kwa kilo kumi za nyasi kila mmoja kwa siku, robota moja la kilo 400 linawatosha karibu juma zima. Yaani trekta lote lile lilinunuliwa kwa kazi ya mara moja kwa juma! Nilimuuliza kwa nini asimwambie mwenye mashine ya kufungia apunguze kipenyo. Zipo mashine ambazo chumba chake ni cha ukubwa mmoja tu, lakini nyingine hurekebishwa. Alimpigia simu mbele yangu. Yule bwana akajibu kwamba yake hurekebishwa, na kwamba hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

Basi msimu ujao marobota ya Mwalimu yatakuwa ya mita 1.2. Kwa robota kama hilo, magurudumu ya nyuma ya trekta lake yatabaki na takriban kilo 160 hata bila uzani, na akitundika pipa lake zitapita 600. Pipa tayari lilikuwa likijazwa zege nilipoondoka. Kilichobaki ni fremu ya kinga. Ameniahidi kwamba kijana hatapanda trekta lile na robota mbele mpaka ifungwe, nami nitampigia simu Jumamosi kumuuliza imefikia wapi.