Kuzuia Unene Uliokithiri: Kazi ya Halmashauri, Kata na Vijiji

Wakazi wa Ukerewe na watumishi wa umma katika Mkoa wa Mwanza wanakumbushwa kuwa shughuli za lishe za halmashauri hazihusu utapiamlo wa watoto peke yake. Uzito uliozidi na unene uliokithiri, ambao wengi huuita kiribatumbo, nao umo katika Mpango Jumuishi wa Kitaifa wa Lishe, awamu ya mwaka 2016/17 hadi 2020/21 na ile iliyoifuata. Hata hivyo, sehemu hiyo ya mpango haijapewa uzito unaostahili katika utekelezaji, na sababu yake si uzembe wa watumishi.

Mwezi Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe, na mkataba huo ukateremshwa kwa wakuu wa wilaya hadi kwa watendaji wa kata na vijiji. Kipimo chake kikuu cha fedha kilikuwa shilingi 1,000 ambazo halmashauri ilitakiwa kutenga kwa kila mtoto aliye chini ya umri wa miaka mitano. Kipimo hicho kilikuwa cha haki kabisa, kwani hata mwaka 2022 watoto 30 katika kila 100 nchini walikuwa wamedumaa. Lakini mtendaji anayetakiwa kila robo mwaka kueleza hali ya watoto haulizwi habari za kiuno cha mama aliyewaleta.

Mama huyo naye amebadilika. Tafiti za kitaifa zilionyesha kuwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, asilimia 22 mwaka 2010 na asilimia 28 mwaka 2015/16. Nyumba moja yaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mzazi mwenye shinikizo la damu au kisukari kinachotokana na unene.

Chakula cha asili cha kandokando ya Ziwa hakina lawama. Sato wa kuchemsha, dagaa, muhogo, viazi vitamu na machungwa ya Ukerewe ni mlo mwema. Kilichoongezeka ni mafuta ya kukaangia, chapati na maandazi ya asubuhi, chipsi za jioni, na soda, ambayo chupa yake moja mara nyingi huwa na sukari inayozidi gramu 30, yaani takriban vijiko saba vya chai. Wakati huohuo bodaboda imechukua nafasi ya baiskeli na ya miguu, hata kwa safari fupi ya kwenda mwaloni au sokoni.

Lipo jambo jingine ambalo mabango ya afya hayaligusi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya Ziwa hilihili, na kwa miaka mingi kukonda kulimtia mtu mashakani mbele ya majirani. Mwenye kunenepa alihesabiwa kuwa mzima na mwenye neema. Afisa anayewaambia wananchi wapunguze mwili bila kuyafahamu hayo atasikilizwa kwa heshima tu, kisha watu watarudi nyumbani na kuendelea kama zamani. Yafaa aanze na vipimo, wala asianze na maneno juu ya umbo la mtu.

Vipimo vyenyewe ni rahisi. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa 25 au zaidi, uzito umezidi. Likifika 30, ni unene uliokithiri. Kwa mtu wa mita 1.60, kilo 64 ndizo mpaka wa kwanza, na takriban kilo 77 ndizo wa pili. Utepe wa fundi cherehani nao watosha kupima kiuno: hatari huwa kubwa kinapozidi sentimita 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanamume.

Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila robo mwaka, hukusanya wazazi pamoja na watoto wao. Kuongeza mizani ya watu wazima, utepe na daftari moja siku hiyo hakuhitaji fungu jipya la fedha. Takwimu zitakazopatikana zikifika kwenye kamati ya lishe ya halmashauri, madiwani watakuwa na jambo la kujadili.

Kuhusu mazoezi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi kutengwa kwa matumizi ya pamoja. Kiwanja cha mpira kisichotengwa rasmi huliwa na vibanda kidogo kidogo, na kukirudisha ni kesi. Vijiji ambavyo havijafanya hivyo vinashauriwa kuwasilisha suala hilo katika mkutano mkuu wa kijiji.

Ofisi za umma nazo zina sehemu yake. Semina nyingi bado hugawa soda mbili kwa siku na chapati wakati wa chai, hata pale mada inapokuwa kisukari. Maji, matunda na viazi vya kuchemsha hupatikana Nansio kwa bei isiyozidi hiyo. Aidha, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ilitangazwa mwaka 2016 kuwa siku ya mazoezi nchini kote. Wakuu wa idara wanaombwa kuongozana na watumishi wao, nao wakazi wanakaribishwa kuungana nao.