Adui Anayesomeka: Kutoka Nyika ya Ijara hadi Michezo ya Hekaya

Karibu na Masalani katika nyika ya Ijara, kaunti ya Garissa nchini Kenya, upande wa mashariki wa Mto Tana, iko hifadhi ya jamii iitwayo Ishaqbini, ambamo anatunzwa hirola, mnyama wa jamaa ya kongoni ambaye kwa asili hapatikani ila katika nyika hizi na upande wa pili wa mpaka wa Somalia, na ambaye idadi yake, iliyokadiriwa kwa maelfu mengi katika miaka ya 1970, leo inasemekana haizidi 500. Sotoka ya miaka ya 1980 iliwafyeka, ukame ukafuatia. Lakini nitakalo kulizungumza ni vita vya hirola na maadui zake, kwa kuwa ndani yake mna elimu ambayo watungaji wa michezo ya kompyuta, hasa ile ya hekaya za mashujaa, majini na mazimwi, wameitafuta kwa taabu kubwa.

Hirola hupenda uwanda wa majani mafupi, maana silaha zake ni macho na miguu. Simba hunyatia, akaruka akiwa karibu, na akikosa baada ya mbio fupi aghalabu huacha. Mbwa mwitu hufukuza kwa kundi, mwendo wa kilomita kadhaa, mpaka windo liishiwe na pumzi. Aliye uwandani humtambua kila hasimu kwa tabia yake, akaamua. Aliyezungukwa na vichaka hana fursa ya kuamua lolote. Na vichaka vimezidi: utafiti wa Abdullahi Ali na wenzake, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba miti katika makazi ya hirola iliongezeka kwa asilimia 251 kati ya mwaka 1985 na 2012, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ya kutoweka kwa ndovu waliokuwa wakiiangusha. Simba hakuongezewa nguvu hata chembe; ardhi ndiyo iliyompa maficho, na yawezekana mizani ya vita ikaelemea upande wake.

Watungaji wa michezo walijua mapema kwamba adui yafaa atambulike kwa tabia yake, kisha baadhi yao wakasahau. Katika mchezo wa Pac-Man wa mwaka 1980, uliobuniwa na Toru Iwatani wa Japani, mizuka wanne wana tabia nne mbalimbali: mwekundu humwandama mchezaji moja kwa moja, wa waridi hulenga vigae vinne mbele yake ili amkingie njia, na wa rangi ya chungwa hufukuza akiwa mbali, ila akikaribia kwa vigae vinane hurejea pembeni kwake. Tena katika ngazi ya kwanza wote hutawanyika kwa sekunde 7, kisha hufukuza kwa sekunde 20, hata mchezaji akapata wasaa wa kupumua na kutafakari.

Mwaka 2006 ikatoka The Elder Scrolls IV: Oblivion, mchezo mkubwa wa hekaya, ambamo maadui wengi walipanda ngazi sambamba na shujaa, hata wanyang'anyi wa njiani wakaonekana wamevaa deraya za thamani kubwa, wachezaji wengi wakalalamika, na kwa haki, kwamba jasho lao la kujifunza vita lilipotea bure. Kumwongezea adui uhai na nguvu ni kazi nyepesi ya tarakimu. Kazi ya ustadi ni kumpa hali chache zinazotambulika, yaani kulinda, kushuku, kushambulia na kukimbia, na kumfanya ainue upanga kitambo kabla ya kupiga, kwa kuwa mwanadamu huhitaji kama robo ya sekunde kuitikia akionacho. Kipigo kisichoacha nafasi hiyo ni dhuluma, hata kikiwa hafifu.

Ishaqbini nao walilazimika kumwondoa adui kabisa: mwaka 2012 hirola 48 waliwekwa ndani ya ua usiopenyeka na wanyama wawindao, na wakazaana. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima, lakini ua pekee hautoshi, kwa maana wanaobaki nje wangali katika vichaka. Ndiyo sababu kazi ya kukata miti na kurudisha majani, inayofanywa Garissa pamoja na wafugaji, yastahili kuungwa mkono kwa mali na kwa nguvu. Nanyi vijana wa Masalani mnaojifunza kuandika programu, kabla hamjamuumba zimwi lenu la kwanza, nendeni mkatazame jinsi hirola anavyosimama uwandani, kisha muulizeni mfugaji ni wapi simba hujificha.