Beji ya chuma na karatasi yake: namna gani kutambua ya kweli na ya uongo

Kuna watu kule Ulaya na Marekani ambao wanalipa pesa nyingi sana kwa kipande cha chuma chenye kuenea ndani ya kiganja. Ni beji za jeshi la majini la Ujerumani, za wakati wa vita kuu ya pili ya dunia. Musomaji wa Uvira ao wa Kalemie anaweza kuuliza: ile inatuhusu sisi kwa nini? Inatuhusu, sababu ndani ya masanduku ya familia zetu pia kuna medayi za wazee wetu waliotumika Force Publique, pamoja na makaratasi yake. Namna wakusanyaji wanapima beji ya Mujerumani inaweza kutufundisha namna ya kulinda vitu vyetu.

Beji zilitolewa kwa nani?

Jeshi la majini la Ujerumani halikuwa na beji moja tu. Kila kazi ya baharini ilikuwa na yake. Beji ya nyambizi, ile meli inayokwenda chini ya maji, ilianzishwa tarehe 13 Oktoba 1939. Baharia aliipata kwa kawaida akisha kufanya safari mbili za vita, ao mbele ya pale kama alijeruhiwa. Beji ya manowari za mbio ilianzishwa tarehe 4 Juni 1940, kisha vita vya Narvik kule Norwe, ambako Ujerumani ilipoteza manowari 10 za namna hiyo. Mwezi wa Agosti 1940 ikafuata beji ya wale wa kufagia mabomu ya majini, na mwaka wa 1941 ile ya maboti ya mbio na ile ya meli kubwa za vita.

Kati ya zile zinazotafutwa sana ni beji ya meli za biashara zilizofichwa mizinga. Meli hizo zilijifanya za nchi nyingine, zikakaribia meli za adui, kisha zikatoa mizinga. Ni meli 9 tu zilizofaulu kufika bahari kuu, kwa hiyo waliostahili beji hiyo hawakuwa wengi. Moja iliitwa Atlantis. Mwezi wa Aprili 1941 ilizamisha Zamzam, meli ya Misri iliyokuwa imebeba wamisionari zaidi ya 100 waliokuwa wakija huku Afrika. Abiria waliokolewa, na kati yao kulikuwa mupiga picha wa gazeti ambaye alifaulu kuficha picha za Atlantis. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Waingereza wakaizamisha.

Chuma kinasema nini

Mwanzoni mwa vita beji nyingi zilitengenezwa kwa muchanganyiko wa shaba na zinki, zikapakwa rangi ya zahabu vizuri. Vita ilipoendelea, shaba ikawa ya lazima kwa silaha, viwanda vikatumia zinki, ile madini wakaaji wa Kipushi wanaijua vizuri. Shida ya zinki ni kwamba rangi ya zahabu haikai juu yake: inapotea polepole, beji inabaki ya kijivu. Basi, beji ya zinki yenye kungaa kama imetoka dukani jana ni lazima ikutie mashaka.

Nyuma ya beji kuna pini, kilabu cha kuifunga, na mara nyingi alama ya fundi aliyeitengeneza. Mukusanyaji analinganisha vitu hivyo na beji ambazo zinajulikana kuwa za kweli. Kuna pia zile ambazo hazina swastika, alama ya chama cha Hitler. Hizo zilitengenezwa kisha sheria ya Ujerumani ya mwaka wa 1957, ambayo iliruhusu wazee wa vita kuvaa medayi zao bila ile alama. Zenyewe si za uongo, lakini mwenye kukuuzia kama ya mwaka wa 1940, yule njo anakudanganya.

Karatasi inasema zaidi

Chuma kinaweza kuigwa, na kimeigwa sana. Kwa hiyo mukusanyaji mwenye akili anauliza: karatasi iko wapi? Kila beji ilitolewa na cheti. Juu yake kuna jina la baharia, cheo chake, tarehe, muhuri, na sahihi ya mukubwa wake. Beji peke yake haina jina la mutu. Karatasi njo inaleta jina, na jina linafungua mulango wa historia: alitumika meli gani, alirudi ao hakurudi. Kati ya watu karibu 40,000 waliotumika ndani ya nyambizi za Ujerumani, karibu 30,000 walikufa.

Lakini karatasi nayo inaigwa. Maulizo ni haya:

Tarehe inawezekana? Cheti cha beji ya manowari za mbio chenye tarehe ya Machi 1940 ni cha uongo, sababu beji yenyewe ilikuwa haijaanzishwa.

Mwenye kutia sahihi alikuwa mukubwa wa kikosi kile siku ile? Kama alikuwa amekufa ao amehamishwa, kazi imekwisha.

Karatasi ni ya wakati ule? Karatasi nyingi za kisha vita ziko na dawa ya kuzifanya nyeupe, na zinawaka rangi ya bluu chini ya taa ya ultravioleti, ile ya kupimia noti.

Cheti kinapatana na kitabu cha askari? Baharia alikuwa na kitabu cha huduma ambamo medayi zake ziliandikwa.

Hapa kuna jambo la huzuni. Wauzaji wengine wanatenganisha makusudi: beji kwa mutu huyu, cheti kwa yule, kitabu kwa mwingine, ili wapate faida mara tatu. Siku ile historia ya mutu mumoja inakatwa vipande, na hakuna atakayeirudisha pamoja.

Tusisahau pia kwamba alama hizi ni za utawala uliowaua mamilioni. Ujerumani inakataza kuonyesha swastika mbele ya watu, isipokuwa kwa mafundisho, utafiti ao sanaa. Kuchunguza historia ni jambo moja, kuisifu ni jambo lingine.

Na sisi huku?

Ziwa Tanganika liliona vita ya majini ya Wajerumani, lakini ilikuwa vita ya kwanza. Tarehe 9 Februari 1916, Waingereza na Wabelgiji, kutoka Lukuga, Kalemie ya leo, walizamisha meli Hedwig von Wissmann. Kwa hiyo mutu akikuletea beji yenye swastika na kusema imetoka kwa Wajerumani wa ziwa mwaka ule, jibu liko wazi: swastika iliingia kwenye alama za serikali ya Ujerumani kuanzia 1933.

Wazee wetu walifika Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na wengine walipigana Abisinia mwaka wa 1941. Kama kwenu kuna medayi na cheti chake, usivitenganishe. Usisugue medayi kwa muchanga ao dawa ya kungarisha. Usiplastifie cheti: joto linakiharibu, na plastiki haitoki tena. Kiweke pakavu, mbali na jua na muchwa, ndani ya bahasha safi. Kipige picha pande zote mbili. Kisha uliza wazee wangali wazima, uandike jina, kijiji na kikosi. Mununuzi akija kutaka medayi peke yake, ujue kwamba karatasi unayobaki nayo itakuwa imepoteza mwenzake.